Maisha ya Askofu Lajos Ordass wa Hungaria

Lajos Ordass alizaliwa tarehe 6 Februari 1901 katika kijiji cha Torzsa, ambacho zamani kilikuwa cha Hungaria na sasa kimo nchini Serbia. Ukoo wake uliitwa Wolf, jina la Kijerumani. Lakini mwaka 1944 majeshi ya Hitler yalipoiteka Hungaria, aliliacha jina hilo akajiita Ordass, ili watu wote wajue kwamba hakuwa upande wa mwenye nguvu.

Mwaka 1945 akawekwa kuwa askofu. Vita ilikuwa imebomoa makanisa mengi, naye akasafiri ng'ambo kuomba msaada. Huko Lund, katika Sweden, mwaka 1947, Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Ulimwenguni lilipoundwa, alichaguliwa kuwa mmoja wa makamu wa rais.

Mwaka 1948 Wakomunisti walizitwaa shule za makanisa. Ordass alipinga, nao wakamtaka ajiuzulu kwa hiari yake. Hapo ndipo palipokuwa jaribu. Kama angetia sahihi, angerudi nyumbani kwa amani. Lakini aliona kwamba uaskofu alipewa na Kanisa, wala si na serikali. Basi kuuacha kwa hofu ni kuwapa watawala ufunguo wa Kanisa. Akakataa. Akashtakiwa kwamba hakutangaza fedha za msaada kutoka nchi za kigeni, akahukumiwa kifungo cha miaka 2.

Lakini lililomchoma zaidi halikutoka kwa adui. Mwaka 1950, angali kifungoni, Kanisa lake lenyewe, likisongwa na serikali, lilimvua uaskofu.

Mwezi wa Oktoba 1956 hukumu zile zilifutwa, naye akarudi kazini. Mwaka 1957 alihudhuria mkutano wa Fungamano huko Minneapolis, Marekani, akachaguliwa tena kuwa makamu wa rais. Kisha akarejea kwao, ingawa alijua yanayoweza kumpata. Na kweli, mwezi wa Juni 1958 aliondolewa tena.

Akaishi kimya miaka 20, akizitafsiri tenzi za mateso ya Bwana za Hallgrímur Pétursson wa Iceland. Alifariki Budapest tarehe 14 Agosti 1978. Utawala wa chama kimoja ulianguka mwaka 1989, naye hakuuona mwisho wake.

Ordass hakuwa na silaha wala chama. Alikataa tu kuandika jina lake chini ya uongo.