Fundi Konde: Mpiga Gitaa na Mtunzi wa Pwani

Anayevuka Changamwe na kushika njia ya Mazeras kuelekea Kaloleni huingia katika nchi ya Wagiriama. Huko ndiko alikozaliwa Fundi Konde mwaka 1924. Lugha yake ya mama ilikuwa Kigiriama. Lugha iliyompa umaarufu ikawa Kiswahili.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ndivyo vilivyomtoa kwao. Alijiunga na kikosi cha burudani cha jeshi la KAR, akafika Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, na Burma, kuwatumbuiza askari wa Afrika Mashariki. Jeshini alikutana na hadhira ya makabila mengi iliyounganishwa na Kiswahili. Hapana shaka hali hiyo iliathiri utunzi wake, kwani tungo zake hazina msamiati mzito wa watunzi wa taarabu waliokuwa wakivuma Mombasa wakati huo. Zinaeleweka mara moja, iwe Likoni au Kampala.

Baada ya vita alirekodi nyimbo nyingi chini ya nembo ya HMV, akawa miongoni mwa wanamuziki wa kwanza wa Kenya kupiga gitaa la umeme. Katika "Tausi", mpenzi anafichwa nyuma ya jina la ndege, desturi kongwe ya ushairi wa Waswahili, huku gitaa likifuata mdundo wa rumba. Wanaodai kuwa muziki wa dansi uliukata uzi wa ushairi wa Pwani wangefaa kuusikiliza upya wimbo huo. "Majengo Siendi Tena" nao unaingia mtaani, katika maisha ya mji.

Baadaye aliketi nyuma ya mitambo ya studio jijini Nairobi, akawarekodi wengine. Ni kana kwamba jina Fundi lilitangulia kazi! Lakini fundi wa studio haonekani jukwaani. Nyimbo zake ziliendelea kuimbwa kama zilizopendwa, na wengi walioziimba hawakumjua mwenyewe.

Jina lake lilirudi akiwa mzee. Them Mushrooms, kundi la Pwani lililoanzishwa mwaka 1972, lilishirikiana naye kuzifufua nyimbo zake. Mwaka 1994, kampuni ya RetroAfric ya Uingereza ilitoa mkusanyiko wa rekodi zake za kati ya 1947 na 1956, ukiwa na jina lake waziwazi juu ya jalada. Alifariki mwaka 2000.