Corot: Mchoraji Aliyewakumbuka Wenzake

Jean-Baptiste Camille Corot alizaliwa mjini Paris, Ufaransa, tarehe 16 Julai 1796. Mama yake alikuwa na duka la kofia za wanawake, na baba alitaka mwanawe naye awe mfanyabiashara. Kijana akawekwa kwa wauza vitambaa, lakini moyo wake ulikuwa kwenye kuchora. Alipofikisha miaka 26 wazazi walikubali yaishe, wakampa posho ya faranga 1,500 kwa mwaka, fedha iliyokuwa ya dada yake marehemu.

Mwaka 1825 alikwenda Italia. Huko Roma aliungana na wachoraji vijana, akiwemo Théodore d'Aligny, wakawa wanatoka pamoja kwenda mashambani na kwenye magofu kuchora mandhari papo hapo. Haikuwa kazi nyepesi. Rangi ilibebwa katika vibofu vya nguruwe, maana mirija ya bati ilibuniwa baadaye, mwaka 1841. Tena jua likisogea, kivuli nacho huhama. Mchoraji akichelewa, alichokiona asubuhi hakipo tena. Ndivyo Corot alivyochora daraja lililobomoka la Narni mwaka 1826, kisha akalichora upya kwa ukubwa kwa ajili ya maonyesho ya Paris.

Aliporudi Ufaransa aliendelea na desturi hiyo katika msitu wa Fontainebleau, walikofanya kazi pia Théodore Rousseau na Jean-François Millet. Lakini wanunuzi walikuwa wachache. Hadi kukaribia miaka 50 aliishi kwa wazazi wake na kutegemea mfuko wa baba.

Fedha zilipokuja, hakuzikumbatia. Paris ilipozingirwa na majeshi ya Prussia, alitoa kwa ajili ya maskini. Mchoraji Honoré Daumier alipozeeka, macho yakififia na kodi ikimshinda, Corot alimnunulia nyumba. Millet alipofariki Januari 1875, alimpa mjane faranga 10,000. Mwezi uliofuata, tarehe 22 Februari, naye alifariki.

Ndugu msomaji, Corot alikula kwa mkono wa wengine hadi mvi zikamwota, na hakulisahau hilo. Sisi waseminari nasi tunasoma kwa jasho la wazazi na sadaka za waamini. Kupokea si aibu. Aibu ni kupokea miaka yote hiyo, kisha siku ya kutoa ikifika, tukaukunja mkono.