Ramanujan: Jamaa aliyeomba barua bila cheti mkononi

Umemwandikia mhadhiri wako mara tatu ukimwomba barua ya kukupendekeza. Tiki mbili za buluu ziko hapo, jibu hakuna, na maombi ya ufadhili yanafungwa Ijumaa. Kabla hujaanza kumlaani mwalimu wa watu, hebu nikupe stori ya jamaa aliyeomba barua akiwa na hali mbaya kuliko yako.

Srinivasa Ramanujan alizaliwa 1887 kusini mwa India, babake akiwa karani katika duka la sari. Kwa hesabu alikuwa moto wa kuotea mbali, na 1904 akaingia chuo kwa ufadhili. Shida ni kwamba hakutaka kusoma kitu kingine. Akafeli masomo mengine, ufadhili ukaenda. Akajaribu chuo cha pili, huko Madras (siku hizi Chennai), akafeli mtihani tena na tena. Sisi tulioacha chuo katikati tunalijua swali lililomsubiri kila ofisini: cheti kiko wapi?

1909 akaozwa mke, na sasa kazi ikawa lazima. Akamwendea V. Ramaswamy Aiyer, afisa wa serikali aliyeanzisha chama cha wanahisabati India, kuomba ukarani tu. Unajua alibeba nini? Madaftari yake. Yamejaa hesabu alizofanya peke yake miaka hiyo yote. Aiyer akafungua, akasoma, akaona ni dhambi kumzika mtu kama huyu katika ofisi ya kodi. Kazi hakumpa. Alimpa barua za kumtambulisha kwa marafiki zake wa hesabu kule Madras. Yaani bwana aliomba kazi, akanyimwa, na bado akatoka na kitu mkononi.

Barua hizo zikamfikisha hatimaye kwa R. Ramachandra Rao, mkubwa wa wilaya ya Nellore. Huyu mwanzoni hakuamini. Alishuku kijana ametoa hizo hesabu kwingine. Wengi wetu hapo tungenuna na kuingia mitini. Ramanujan akarudi, akaeleza kazi yake polepole, kuanzia zile rahisi kupanda hadi zile ngumu, mpaka mzee akakubali. Alipoulizwa anataka nini, akasema chakula tu, apate nafasi ya kuendelea kufikiri. Rao akawa anamlipa kila mwezi kutoka mfukoni mwake.

Lakini barua ninayoipenda mimi ni ya E. W. Middlemast, profesa wa hesabu katika Presidency College. Haikuwa ndefu. Haikusema kijana ni mtiifu, ana bidii na anatoka familia nzuri, yale maneno tunayoyanakili kutoka mtandaoni. Ilisema ana kipawa kisicho cha kawaida katika namba na ni mwepesi wa kupiga hesabu. Ofisi ya uhasibu inataka nini zaidi? Februari 1912 Ramanujan akaiambatanisha na ombi lake kwa bandari ya Madras. Kuhusu chuo hakuficha wala hakulialia. Alisema tu alishindwa kuendelea, kisha akapita. Machi akaanza kazi, rupia 30 kwa mwezi.

Wakubwa wake bandarini nao wakaona kijana si wa mchezo, wakamsukuma aandike Uingereza. Maprofesa wawili wa Cambridge hawakumsaidia. Januari 1913 akamwandikia wa tatu, G. H. Hardy, akijitambulisha waziwazi kama karani asiye na digrii, na kurasa kadhaa za fomula zikafuata. Hardy alidhani ni utani. Jioni akakaa nazo na mwenzake Littlewood, na kabla ya kulala wote walikuwa wamekubali kwamba mwandishi ni gwiji.

Baada ya hapo milango ikafunguka kwa fujo. Chuo Kikuu cha Madras kikampa huyo aliyefeli ufadhili wa utafiti wa rupia 75 kwa mwezi. 1914 akapanda meli kwenda Cambridge, 1916 akapata digrii yake kwa utafiti, na 1918 akaingizwa Royal Society.

Uingereza haikumfaa kiafya. Vita, baridi, na chakula cha shida kwa mtu asiyekula nyama. Alirudi India 1919 akiwa mgonjwa sana, akafa Aprili 1920 na miaka 32.

Miaka baadaye Hardy aliwapa wanahisabati alama za kipawa, kati ya 0 na 100. Yeye mwenyewe alijipa 25. Littlewood akampa 30, na David Hilbert, jina kubwa kabisa la Ujerumani, 80. Yule karani wa bandarini alimpa 100.