Otto Röhm: Kutoka ngozi mbichi hadi plastiki angavu kama kioo

MTO Chania unakutana na mto Thika katika mji ambao kwa miaka mingi umesifika kwa viwanda, vikiwemo vya ngozi. Huenda wengi waliotoa jasho humo hawakupata kulisikia jina la Otto Röhm, Mjerumani aliyeibadilisha kazi hiyo kabla ya kuupa ulimwengu plastiki angavu kama kioo.

Röhm alizaliwa mwaka wa 1876 mjini Öhringen. Alianza akiwa msaidizi katika duka la dawa, kisha akasomea kemia. Mwaka wa 1901 alihitimu shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Tübingen kwa utafiti kuhusu asidi ya akriliki, ambayo molekuli zake ndogo huungana zikawa mnyororo mrefu. Somo hilo halikumpa riziki.

Riziki ilitoka kwenye ngozi. Enzi hizo ngozi zililainishwa kwa kinyesi cha mbwa, kazi chafu yenye uvundo. Röhm alivumbua dawa ya vimeng'enya vya kongosho la wanyama, akaiita Oropon. Mwaka wa 1907, yeye na mwenzake Otto Haas walianzisha kampuni ya kuiuza.

Faida ya ngozi ilimrudisha kwenye akriliki. Mwaka wa 1912 alipata hataza ya kutengeneza kitu mfano wa mpira kutokana na akriliki. Hata hivyo, subira ilihitajika: ni mwaka wa 1933 ambapo Plexiglas, plastiki nyepesi na angavu aliyoifanikisha pamoja na mwanakemia Walter Bauer, ilipata jina lake la kibiashara.

Mwaka wa 1937 ilitunukiwa zawadi kuu katika maonyesho ya Paris. Lakini uvumbuzi hauchagui mtumiaji. Muda si muda ilikuwa imefungwa kwenye madirisha ya ndege za kivita. Röhm alifariki Septemba 17, 1939, siku 16 baada ya Ujerumani kuivamia Poland.

Plastiki yake ilikuwa na kasoro moja: ikipigwa kwa nguvu, hupasuka. Wanakemia waliomfuata walichanganya ndani yake chembe ndogo mno za mpira, zilizoteuliwa ili zipinde mwanga sawa na plastiki yenyewe. Chembe hizo huzuia ufa kuenea, na mwanga hupita bila kizuizi. Hivyo mpira na akriliki, alivyovihangaikia tangu ujana, vikaja kukaa katika bamba moja.