Thomas Midgley: Mhandisi aliyetupa gesi ya kiyoyozi cha gari

Jua la saa saba likiwa kali barabarani, abiria wa basi lenye kiyoyozi hupulizwa na upepo wa baridi. Wengi hudhani mtambo huo hutengeneza baridi. Ukweli ni kwamba huhamisha joto, ukilitoa ndani na kulimwaga nje. Mbebaji wa joto hilo ni gesi maalumu, na katika makala haya tunaangazia maisha ya Mmarekani aliyeongoza kazi ya kuipata gesi ya kwanza iliyofaa magari.

Thomas Midgley alizaliwa Mei 18, 1889, huko Beaver Falls, jimbo la Pennsylvania. Mwaka 1911 alihitimu uhandisi wa mitambo katika Chuo Kikuu cha Cornell. Miaka mitano baadaye aliajiriwa na mvumbuzi Charles Kettering mjini Dayton, Ohio, akapewa tatizo la injini za petroli zilizokuwa zikigonga na kupoteza nguvu.

Desemba 1921, Midgley na wenzake waligundua kwamba petroli ikichanganywa na dawa yenye madini ya risasi, injini hutulia. Lakini risasi ni sumu. Yeye mwenyewe ilimdhuru, akalazimika kupumzika kazi mwaka 1923. Mwaka uliofuata wafanyakazi kadhaa wa viwanda vya dawa hiyo walikufa. Hata hivyo, mbele ya waandishi wa habari Midgley alinawa dawa hiyo mikononi na kuivuta puani ili kuonyesha kuwa haina madhara. Petroli yenye risasi ikaenea duniani kote.

Gesi ya baridi

Majokofu ya miaka ya 1920 yalitumia gesi hatari kama amonia na dioksidi ya salfa. Bomba likivuja usiku, familia iliweza kufa usingizini. Mwaka 1928 Midgley na wenzake walipata gesi isiyowaka moto wala kumdhuru mvutaji, iliyouzwa kwa jina la Freon. Mwaka 1930 aliivuta kifuani mbele ya wanakemia, kisha akaipuliza juu ya mshumaa, ukazimika. Miaka kumi hivi baadaye, kampuni ya Packard ya Marekani ilianza kuuza magari yenye kiyoyozi.

Ukitaka kuelewa gesi hiyo inavyofanya kazi, jipake spiriti mkononi. Utahisi baridi, kwa sababu kimiminika kinapogeuka kuwa mvuke hufyonza joto. Ndani ya gari, kompresa inayozungushwa na mkanda wa injini huibana gesi hadi inakuwa ya moto sana. Gesi hupita kwenye mabomba yaliyo mbele ya rejeta, ambako upepo huondoa joto lake, nayo hugeuka kimiminika. Kimiminika hicho hupenya tundu dogo la vali, mgandamizo hushuka ghafla, na ndani ya mabomba yaliyo nyuma ya dashibodi huwa gesi tena huku kikifyonza joto la hewa. Feni huipuliza hewa hiyo iliyopoa kwa abiria. Unyevu wake hugeuka maji, ndiyo maana gari lenye kiyoyozi hudondosha maji chini.

Mwisho wake na deni lililobaki

Mwaka 1940 Midgley aliugua polio, akapooza miguu. Alijiundia mtambo wa kamba na kapi za kumwinua kitandani. Novemba 2, 1944, alikutwa amekufa akiwa amenaswa na kamba hizo. Alikuwa na umri wa miaka 55, na alikuwa ametunukiwa nishani kubwa za wanakemia.

Miaka 30 baada ya kifo chake, mwaka 1974, wanasayansi Mario Molina na Sherwood Rowland walionya kwamba gesi za aina ya Freon hupanda juu angani na kuharibu tabaka la ozoni, linalotukinga na miale mikali ya jua. Mwaka 1987 mataifa yalikubaliana mjini Montreal, Kanada, kuzipunguza. Magari yakahamia gesi nyingine isiyodhuru ozoni, lakini nayo huongeza joto la dunia, hivyo mwaka 2016 mataifa yalikutana Kigali, Rwanda, yakakubaliana kuipunguza. Nayo petroli yenye risasi iliondolewa Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa mwaka 2006.

Maisha ya Midgley yanatufundisha kwamba kitu kinachoonekana salama mkononi leo kinaweza kudhuru wajukuu kesho. Kwa wewe mwenye gari, zingatia hili: gesi ya kiyoyozi haiishi kama petroli. Ikipungua, kuna mahali inavuja. Mwombe fundi azibe tundu kwanza, kisha ndipo ajaze. Utaokoa fedha zako, na anga pia.