Emil Fischer

Hermann Emil Fischer (9 Oktoba 1852 – 15 Julai 1919) alikuwa mwanakemia kutoka nchi ya Ujerumani. Anajulikana hasa kwa utafiti wake kuhusu sukari na vimeng'enya. Mwaka wa 1902 alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Alizaliwa Euskirchen, karibu na Köln. Baba yake alimtaka aingie katika biashara ya mbao, lakini kijana hakuifaa kabisa, hivyo akaruhusiwa kwenda chuo kikuu. Alianza Bonn mwaka 1871, kisha akahamia Strasbourg, alikopata shahada ya uzamivu mwaka 1874 chini ya Adolf von Baeyer.

Mwaka 1875 aligundua fenilihidrazini. Hii ni kampaundi aromatiki, yaani yenye pete ya atomi 6 za kaboni kama ile ya benzini. Baadaye alitambua kwamba ikichanganywa na sukari hutoa fuwele. Hilo lilikuwa jambo kubwa, kwa sababu sukari nyingi zilipatikana maabarani kama uji mzito unaonata, na ilikuwa vigumu kuzitofautisha. Kufikia mwaka 1890 alikuwa ametengeneza glukosi akianza na gliserini. Lakini fenilihidrazini ni sumu, na dutu hiyo iliyomletea sifa ilimharibia afya kwa miaka mingi.

Tangu mwaka 1892 alikuwa profesa mjini Berlin. Huko alilinganisha kampaundi mbili za glukosi zilizotofautiana tu katika mpangilio wa atomi zao. Kimeng'enya cha hamira kilivunja moja na kuiacha nyingine. Kile cha lozi chungu kilifanya kinyume chake. Mwaka 1894 alieleza kwamba kimeng'enya na molekuli yake lazima vifaane kama kufuli na ufunguo. Mwaka 1895 alitumia hamira kuondoa glukosi moja tu kutoka amigdalini, dutu aromatiki ya lozi chungu, akapata kampaundi mpya ambayo bado ilikuwa na glukosi moja.

Leo inajulikana kwamba kufuli lenyewe hubadilika umbo kidogo ufunguo unapoingia. Hata hivyo wazo la kufaana limebaki. Tangu miaka ya 1980 kuna programu za kompyuta zinazojaribu molekuli moja baada ya nyingine katika tundu la kimeng'enya, na wanakemia huzitumia kuchagua kimeng'enya cha kutengenezea kampaundi aromatiki wanayoitaka kabla ya kugusa chupa yoyote.

Fischer alitengeneza pia kafeini, aliunganisha asidi amino kuwa minyororo, na katika miaka yake ya mwisho alichunguza tanini za mimea.

Mke wake, Agnes Gerlach, alifariki mwaka 1895, miaka 7 baada ya ndoa yao. Kati ya wana wao watatu, wawili walifariki wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Fischer alifariki Berlin mwaka 1919. Mwana aliyebaki, Hermann, akawa mwanabiokemia na kuendelea na utafiti wa sukari.