Marehemu Muhammad Ali Jinnah na Kazi ya Uwakili

Jina la marehemu Muhammad Ali Jinnah lajulikana kwa ajili ya Pakistan, iliyoundwa mwaka wa 1947. Lakini kabla ya hayo alikuwa wakili, na yafaa vijana wetu wanaolitamani joho jeusi waijue njaa iliyo nyuma yake.

Alizaliwa Karachi mwaka wa 1876. Baba yake, mfanya biashara, alimpeleka London akajifunze biashara. Naye akaiacha, akaingia Lincoln's Inn kusoma sheria mwaka wa 1893. Huku nyuma mama yake akafariki, na mke aliyeozwa kabla ya safari akafariki pia. Mwaka wa 1896 akafuzu, akarudi akajiandikisha katika Mahakama Kuu ya Bombay.

Hapo ndipo mtihani ulipoanza. Biashara ya baba ilikuwa imeanguka, na kijana hana mteja. Wakili si karani, alipwe mwisho wa mwezi. Hula kwa shauri aliloletewa, na mwenye shauri humwendea aliyekwisha kujulikana. Kwa muda wa miaka mitatu hivi hali yake ilikuwa dhiki. Kilichomfaa ni kwamba Mwingereza mmoja, John MacPherson, Kaimu Mwanasheria Mkuu, alimfungulia chumba chake cha kazi apate kusoma. Mwaka wa 1900 akakaimu uhakimu kwa miezi michache. Alipotakiwa adumu kwa rupia 1,500 kwa mwezi alikataa, akisema kuwa kadiri hiyo ataipata kwa siku moja. Jibu hilo naona lina kiburi kidogo, ila baadaye aliipata kweli.

Hata alipokuwa mashuhuri hakushinda kila shauri. Mwaka wa 1908 alimwombea dhamana Tilak, aliyeshtakiwa kwa uchochezi, akanyimwa. Mwaka wa 1916 akamtetea tena, akashinda.

Kwetu sisi kubwa zaidi ni jambo la wakfu. Mwaka wa 1894 Baraza la Rufani huko London lilibatilisha wakfu ambao mtu huwawekea watoto na wajukuu wake, kisha mwishowe maskini, kwa hoja ya kuwa fungu la maskini li mbali mno. Jinnah aliupeleka mswada katika Baraza la Kutunga Sheria la Bara Hindi, akausimamia mpaka ukawa sheria mwaka wa 1913, na wakfu wa namna hiyo ukasihi tena.

Sheria hiyo, hata hivyo, haikuvuka bahari. Baadaye Baraza lile lile liliifuata hukumu yake ya zamani katika shauri lililotoka Kenya, na wakfu wa jamaa ukabatilika. Jinnah alikuwa amekwisha kufariki, Karachi, tarehe 11 Septemba, 1948.